Nyumba ya Wazee: Ni Wema au ni Kukwepa Wajibu?



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa katika msikiti mmoja wa hapa Sumbawanga, kamati ilisimama ikatangaza kuwa yupo mfadhili aliye tayari kujenga nyumba ya wazee katika kiwanja cha msikiti. Vyumba ishirini, jiko, bwalo la kulia na kisima. Watu wakapiga takbira. Ndipo mzee mmoja wa safu ya pili akauliza, "Na mimi mtaniweka humo?" Waumini wakacheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo jambo hili limekuwa gumzo. Wapo wanaosema hiyo ni desturi ya Wazungu, na kwamba Muislamu kumtoa mzazi wake nyumbani ni aibu ya dunia na hasara ya akhera. Wapo wanaojibu kuwa aibu tayari tunayo, tumeifunika tu kwa kanzu nyeupe. Kwa kuwa mkutano wa kuamua bado haujafanyika, nimeona niyaandike niliyo nayo moyoni, maana katika mkutano wenye kelele mtu hasikilizwi zaidi ya dakika mbili.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Katika nchi za Ulaya na Marekani yako makazi ambamo mzee huishi katika chumba chake, ana ufunguo wake, na husaidiwa yale tu asiyoyaweza: kuoga, kupanda ngazi, kukumbuka dawa. Hulipia kila mwezi, na malipo yake ni makubwa. Sisi hatuna kitu cha namna hiyo kwa mtu wa kawaida. Tulicho nacho ni makazi ya wazee wasiojiweza yanayoendeshwa na serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Kolandoto Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Baadhi ya makazi ya namna hiyo yalianza kama kambi za wagonjwa wa ukoma, na yakabeba sifa hiyo ya mahali pa kutengwa hata ukoma ulipopata dawa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo haikuyasifu sana. Ilisema wazi kuwa familia ndiyo mlezi wa mzee, na makazi hayo ni hatua ya mwisho pale njia nyingine zinaposhindikana.

Zanzibar hali ni tofauti kidogo. Huko kuna Sebuleni na Welezo kwa upande wa Unguja, na Limbani huko Wete, Pemba. Tena tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni na Serikali ya Mapinduzi, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaongezwa. Lakini kuhusu Welezo kuna jambo moja ambalo kila nikilikumbuka huinamisha kichwa. Katika kisiwa ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, waliowaogesha na kuwalisha wazee wa pale kwa miaka mingi walikuwa masista wa Kanisa Katoliki. Sisemi hivi kuwalaumu masista, wao walifanya kazi iliyokuwa imeachwa. Nasema ili anayesimama mimbarini na kutangaza kuwa "sisi hatuwatupi wazee wetu" apunguze sauti kidogo.

Sasa turudi katika uwanda wetu wa Ufipa. Ardhi hii iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wake huwatesa hata vijana. Mzee wa hapa anahitaji moto kama anavyohitaji chakula, na moto unataka kuni, na kuni zinataka miguu. Kilimo chetu nacho hakimuonei huruma mwenye mgongo mbovu. Yeyote aliyewahi kulima intumba, kukusanya majani na kuyafukia kwa udongo tuta baada ya tuta, anajua kuwa si kazi ya mtu wa miaka sabini. Zamani vijana walikuwepo. Leo kijana akivuna mahindi yake mara moja anapanda basi kwenda Tunduma, Mbeya au Dar es Salaam, wengine machimboni, wengine bondeni Ziwa Rukwa kutafuta samaki na mpunga. Barabara ya lami ya Tunduma imetuletea neema nyingi, na imewachukua watoto wetu vilevile. Simlaumu kijana anayekwenda kutafuta riziki. Namlaumu anayetuma salamu tu.

Sisi Waislamu wa Ufipa tuna tatizo letu la ziada. Tu wachache katika eneo hili, na wengi wa wazee wetu ama walikuja na biashara kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika, Ujiji na Tabora, wakabaki hapa hadi ndugu wa huko wakawasahau, ama ni watu wa hapa hapa waliosilimu peke yao katika koo zao. Mzee wa aina hiyo akiugua hakuna wa kumtilia udhu. Akifa, huanza mvutano wa nani amzike na kwa taratibu zipi. Nimehudhuria maziko ambayo tulifika tukakuta kaburi limekwisha fukiwa. Marehemu alikuwa akiswali nasi Ijumaa zote, na hatukujua kuwa alikuwa amelala kitandani wiki tatu.

Wajibu wa mtoto kwa mzazi hauna mjadala. Katika Suratul-Israa, aya ya 23 na ya 24, Allah (s.w.) ameuweka wema kwa wazazi mara tu baada ya amri ya kumuabudu Yeye peke yake, na akakataza hata ile sauti ndogo ya kuonyesha kuchoshwa nao. Tena aya inazungumzia wazazi wanaoufikia uzee wakiwa kwa mtoto wao, ubavuni pake. Na wanazuoni wamekubaliana kuwa matumizi ya wazazi mafukara ni wajibu juu ya mtoto mwenye uwezo. Hilo halifutwi na vyumba ishirini wala mia.

Lakini tuwe wakweli. Anayesema kwa nguvu kuwa mzee asitoke nyumbani mara nyingi siye anayefua mashuka. Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja, akakaa nyumbani kwangu miaka minne hadi alipofishwa, Allah amrehemu. Watu walinipongeza kwa kumtunza mama. Mimi nilikuwa naondoka asubuhi na kurudi magharibi. Aliyemgeuza kitandani, akampaka mafuta vidonda, akaamka usiku mara tatu, ni mke wangu, ambaye kisheria hakuwa na wajibu huo. Hakuna aliyempongeza. Mwaka wa tatu aliniambia maneno machache tu: "Mwenzangu, nimechoka, na kusema nimechoka naogopa ni dhambi." Lau kungekuwa na mahali pa kumpokea mama hata mchana tu, au mtu aliyefunzwa wa kutupitia mara mbili kwa wiki, nyumba yangu ingekuwa nyumba nyingine.

Kwa hiyo sikubali kuwa makazi ya wazee hayana faida. Mzee aliye peke yake akianguka usiku, kuna wa kumsikia. Dawa za shinikizo la damu na kisukari humezwa kwa wakati wake. Kuna maji ya moto ya kutawadhia. Kuna mtu wa kusimama naye swalani, na baada ya swala kuna wa kuzungumza naye habari za miaka iliyopita, jambo ambalo wajukuu wenye simu mkononi hawana subira nalo.

Kasoro zake nimeziona kwa macho. Niliwahi kutembelea makazi fulani, sitayataja, nje ya mkoa huu. Palikuwa pasafi. Chakula kilitolewa saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na katikati wazee waliketi ukutani wakifuata jua. Mzee mmoja alinivuta kando akanipa kipande cha karatasi kilichokunjwa mpaka kikakatika mikunjo, akaniomba nimpigie mwanawe. Nilipiga. Namba haikuwa ikitumika tena. Nilipomwambia, akaikunja karatasi yake akairudisha mfukoni, akasema huenda mtandao ni mbaya. Mtu huyo alikuwa fundi seremala. Pale hakuwa na msumeno, wala hakuna aliyemuomba ushauri wa chochote. Tumbo lake lilishiba, na hadhi yake ilikwisha.

Kasoro nyingine ni ya fedha. Kujenga ni rahisi, maana jengo hupigwa picha na kuwekwa jina. Unga wa mwezi wa kumi na nne haupigwi picha. Wahenga wetu wa Kiislamu walilijua hilo. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa mjini Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu wa mali ambazo mapato yake yaliendesha dawa, chakula na mishahara, na hospitali ile ikadumu karne nyingi baada yake. Mjini Istanbul, katika miaka ya 1890, enzi ya Sultani Abdulhamid wa Pili, lilijengwa makao ya mafukara na wazee yaitwayo Darülaceze, ambayo yapo hadi leo. Ndani ya ua wake kuna msikiti, kanisa na sinagogi. Nimelitaja hilo makusudi, kwa sababu nimekwisha sikia swali: je, tutampokea asiye Muislamu? Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiombaomba milangoni, akaagiza apewe haki yake kutoka Baytul-Mali. Hapa Ufipa majirani zetu wengi ni Wakristo, na wengi wetu tumezaliwa na bibi zao. Sioni mlango wa kumfungia bibi.

Bado kuna jambo zito kuliko yote, nalo tunalizungumza kwa kunong'ona. Jina la mji huu, wenyeji wanasema, maana yake ni tupa uchawi. Pamoja na jina hilo, bado ajuza akibaki peke yake, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kuni alizozikumbatia usiku kucha kwa baridi, hukosekani mtu wa kumnyooshea kidole mtoto wa jirani akifariki. Nchi yetu imepoteza wazee wengi kwa tuhuma hizo, hasa kanda ya Ziwa Victoria, nasi hatuko salama nazo. Kwa mwanamke ambaye paa lake limechomwa, chumba chenye komeo ni uhai wake, na hapo sina hoja ya kupinga. Ila nahofia kinyume chake pia: nyumba hii ikizoeleka kuwa pahala pa kupeleka vikongwe waliotuhumiwa, tutakuwa tumeiidhinisha tuhuma. Atakayeingia humo ataitwa mchawi kwa sababu kaingia humo. Na tusijidanganye kuwa hayo ni ya wengine. Wapo wanaoswali safu ya kwanza Ijumaa, na Alkhamisi walikuwa kwa mpiga ramli kuuliza nani kawaroga.

Rai yangu basi ni hii. Vyumba ishirini ni vingi mno. Vijengwe vitatu au vinne, vidogo, kila kimoja na jiko lake la moto na mlango unaotazama njia wanayopita watu, vikaliwe na wale tu wasio na mtoto wala ndugu wa kuwachukua, na wale waliofukuzwa. Fedha inayobaki ijengwe mashine ya kusaga au fremu za maduka, ziandikwe wakfu kwa karatasi, na mapato yake yalipe mlezi na unga. Uwepo ukumbi mmoja wa mchana, ambamo mzee anayeishi kwa mwanawe aletwe asubuhi na kurudishwa jioni, mkamwana apate kupumzika. Mwenye ufundi apewe nafasi ya kuufundisha. Na mzee mwenye watoto wenye uwezo asipokewe kabla kamati haijakwenda kukaa na watoto hao, hata kama wako Dar es Salaam, na kuwaambia usoni wanachodaiwa. Kamati ipite pia Ustawi wa Jamii kufuata taratibu, na ihakikishe kila mzee wetu asiye na uwezo aliyetimiza miaka 60 ana kitambulisho cha kutibiwa bure katika hospitali za serikali, maana wengi wana haki hiyo na hawajui.

Najua mfadhili anaweza asipendezwe, kwani mashine ya kusaga haina sura ya sadaka. Aelezwe kwa adabu.

Mkutano ukifika, kabla hatujazungumzia saruji, naomba kamati isome orodha ya wazee wa jamaa yetu, mtaa kwa mtaa hadi vijijini: nani anaishi na nani, nani ana blanketi, nani hajaonekana msikitini mwezi huu. Mpaka ninapoandika, orodha hiyo haipo. Nimeanza na mtaa wangu. Nina majina kumi na moja, na wawili kati yao nilikuwa sijui kuwa bado wako hai.

Wabillahi tawfiiq.