Ambulensi ya Visiwani ni Mashua

Jina la Lamu linapotajwa katika mazungumzo ya taifa, aghalabu hutajwa kwa sababu ya mji wake wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, au bandari yake mpya ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Lipo jambo la tatu lisilotajwa sana, nalo ni hili: mama mjamzito wa Kiunga akishikwa na uchungu usiku, atafikaje hospitalini?

Hospitali kuu ya kaunti, King Fahd, imo katika kisiwa cha Lamu. Wananchi wengi wametawanyika Pate, Ndau na Kiwayu, na katika vijiji vya bara vinavyoelekea mpaka wa Somalia. Wakati wa kusi bahari huchafuka; maji yakipwa, vijito vya mikokoni havipitiki; na mafuta ya boti ni ghali. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huku huulizwa nauli kwanza. Kisha yakazuka mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 na, Septemba 2015, Operesheni Linda Boni, na vijiji vya mbali vikazidi kutengwa.

Katika hali hiyo, mwaka 2015, binti wa Lamu, Umra Omar, aliyekuwa amesoma Marekani, alianzisha shirika la Safari Doctors. Wauguzi na vijana wakajitoma baharini na kupeleka chanjo, dawa na huduma za waja wazito hadi vijijini, bila malipo. Mwaka 2016 shirika la habari la CNN lilimtaja miongoni mwa mashujaa wake kumi.

Siri ya mafanikio hayo haimo katika dawa peke yake. Kijana wa Kitikuu ajua saa ya maji kujaa, ajua mzee wa kuamkiwa kabla kliniki haijafunguliwa, na huzungumza na mgonjwa kwa lahaja yake. Mgeni, hata akiwa bingwa, hayapati hayo kwa wiki moja.

Hata hivyo, tusipumbazwe na sifa. Huduma inayotegemea wafadhili ni kama dau lililofungwa kwa kamba ya mtu mwingine. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na nchi nyingi za Afrika zikaona jinsi kamba hiyo inavyoweza kukatwa kwa siku moja. Isitoshe, Katiba ya 2010, katika ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, na jedwali lake la nne limezikabidhi serikali za kaunti vituo vya afya na huduma za ambulensi. Katika nchi ya visiwa, ambulensi ni mashua, pamoja na nahodha wake na mafuta yake.

Watakuwepo wa kusema kwamba Lamu, iliyohesabiwa kuwa na watu 143,920 tu katika sensa ya 2019, haiwezi kutengewa zaidi ya wenzake. Hoja hiyo ina kasoro. Chanjo ile ile inayofika Thika kwa barabara hufika Kiwayu kwa boti na kwa gharama kubwa zaidi. Anayegawa fedha kwa kuhesabu vichwa pekee huwa amegawa sawasawa, lakini hakutenda haki.

Basi vijana wamekwisha kuonyesha kwamba njia inapitika. Lililosalia ni kuifanya iwe ya umma. Sheria huwataka watawala wa kaunti kuwasikiliza wananchi kabla ya bajeti kupitishwa. Yafaa walimu wa Lamu wawafundishe wanafunzi wao kuisoma bajeti hiyo, na vijana wafike katika vikao hivyo na swali moja tu: mashua ya wagonjwa imetengewa shilingi ngapi?