Kemia Isiishie Ubaoni

Kemia inayofundishwa kwa chaki peke yake haina tofauti na kufundisha uogeleaji barazani. Mwanafunzi ataweza kuzihifadhi kanuni zote kwa ghibu, lakini siku atakapotiwa majini hatafika pwani. Kwa hivyo tunaziomba mamlaka za elimu na afya visiwani mwetu zihakikishe kwamba vijana wa sayansi katika madarasa ya juu ya sekondari wanapata fursa ya kutengeneza aspirini kwa mikono yao wenyewe.

Dawa hii ya maumivu ina historia ndefu. Mwaka 1763 kasisi Mwingereza, Edward Stone, aliiandikia Royal Society ya London kueleza namna ganda la mti wa willow lilivyotuliza homa. Mwaka 1853 Mfaransa Charles Gerhardt aliiunda dawa yenyewe, ingawa haikuwa safi; na mwaka 1897 Felix Hoffmann, katika kampuni ya Bayer huko Ujerumani, akaipata ikiwa safi.

Kazi yenyewe si ndefu. Asidi ya salisili huchanganywa na anhidridi ya asetiki pamoja na matone machache ya asidi kali, ikapashwa joto katika maji ya moto kwa muda wa robo saa hivi, kisha ikapozwa hata fuwele nyeupe zikajitenga, zikachujwa na kukaushwa.

Mafunzo makubwa huanzia hapo. Grami 2 za asidi ya salisili haziwezi kuzaa zaidi ya grami 2.6 za aspirini. Kijana akipima grami 3, hajapata baraka, amepima maji. Mkulima wa Pemba analijua jambo hili, maana karafuu isiyokauka huidanganya mizani. Kisha kijana hudondosha feriki kloridi: ikitokea rangi ya zambarau, bado imo asidi ambayo haikugeuka. Hapo hutambua kwamba weupe si usafi, na kwamba alichokitengeneza ni cha kupimwa, si cha kumezwa.

Faida yake hufika hospitalini. Unyevu huivunja aspirini ikarudi kuwa asidi ya salisili na asidi ya siki, na hewa ya visiwa ina unyevu mwingi. Mtunza ghala la dawa aliyepitia maabara, afunguapo kopo akasikia harufu ya siki, hujua mara moja kwamba dawa imeharibika. Asiyepitia ataigawa.

Wapo watakaosema kwamba anhidridi ya asetiki hutumiwa na wahalifu kutengeneza heroini. Ni kweli, na ndiyo maana imo katika uangalizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988. Nasi twakubali isimamiwe: inunuliwe kwa kibali, ifungiwe, kila kipimo kiandikwe daftarini, na itumike penye miwani, glavu na chumba kinachopitisha hewa. Lakini usimamizi usigeuzwe kufuli la mlango wa maabara. Kibali kinacholala mezani muhula mzima humnyima haki mwanafunzi, wala hakimzuii mhalifu.

Visiwa vinavyopokea dawa kutoka ng'ambo havina budi kuwa na watu wenye kujua kuzipima. Watu hao hawaagizwi kwa meli, hulelewa skulini. Tunatumai wahusika watalikumbuka hili watakapoandaa makadirio ya fedha yajayo.