Karanga mbovu si kitafunwa cha mtoto

Ndugu wakulima na wafanyabiashara, kuna tabia moja lazima tuiache. Tukishachambua karanga, nzuri zinaenda kwa mnunuzi. Zilizosinyaa na zenye ukungu zinabaki nyumbani. Hizo ndizo tunazotengenezea kashata za watoto. Wengine wanazinunua kwa bei ya chini, kashata wakauze shuleni.

Msiniambie moto unaua kila kitu. Moto unaua ukungu, lakini sumukuvu iliyoachwa na ukungu haiondoki kwa kukaanga, na sukari inaficha uchungu tu. Sumu hiyo inaharibu ini na kuleta saratani. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara.

Wala msiniambie biskuti za dukani zinatosha. Karibu robo ya uzito wa karanga ni protini. Biskuti nyingi ni ngano, sukari na mafuta.

Fanyeni hivi. Kabla ya kuuza, tengeni karanga safi, zilizokauka vizuri, za kula nyumbani. Kaanga vikombe 2, pepeta maganda. Yeyusha robo tatu ya kikombe cha sukari hadi iwe kahawia, changanya na karanga, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, kata kabla haijapoa. Mtoto mdogo asije akapaliwa: zake saga, tia kwenye uji.

Zenye ukungu zifukieni. Msiwape hata kuku.

Aliyelima ndiye wa kwanza kula kilicho bora.