Mstaafu Hana Deni la Mahindi

Ukistaafu huku kwetu, iwe Kitale au Bungoma, utapewa ushauri kabla hujakabidhi funguo za ofisi. Rudi shamba. Kodi ekari kumi, panda mahindi. Usikae bure, maana mtu akikaa bure hufa haraka. Mchungaji atakwambia hivyo kwenye ibada ya kukuaga, shemeji atarudia, na karani wa benki ataongeza kwamba mkopo upo ukiutaka. Hakuna atakayekuuliza ungependa kufanya nini. Na ukisema ungependa kuimba, kusoma, kuwatembelea marafiki uliofundisha nao Malakisi miaka ya themanini, au kwenda tu kuona mahali usipopajua, utaambiwa hayo ni mambo ya wazungu.

Imani hiyo ni mbaya. Inawafilisi wazee wetu na kuwachosha, kisha tunaiita heshima.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndizo zinazotazamwa. Mwalimu au afisa aliye katika mfumo wa zamani hulipwa kwa Sheria ya Pensheni, Sura ya 189. Kila mwezi aliofanya kazi humpa sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwisho wa mwaka. Aliyetumika miaka 30 ana miezi 360, basi pensheni yake ni robo tatu ya mshahara. Sheria inamruhusu aiachilie robo ya pensheni hiyo, alipwe ya miaka 20 kwa mkupuo mmoja. Chukua mtu wa mshahara wa msingi wa shilingi 60,000 kwa mwezi. Pensheni yake ni shilingi 540,000 kwa mwaka. Akiachilia robo, yaani 135,000, anapata mkupuo wa 2,700,000 na kubaki na 33,750 kwa mwezi.

Hizo milioni mbili na ushei ndizo zinazoleta wageni nyumbani. Watu huzishangilia kama zawadi ya serikali. Zawadi iko wapi? Ni sehemu ya chakula chake cha kuanzia miaka 60 hadi 80, amekubali kukipokea mapema. Hicho ndicho tunachomshauri akakifukie ardhini mwezi wa Machi na kungoja mvua.

Najua mahindi yana heshima yake Trans Nzoia. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mahindi ya chotara yaliyoenea nchini yalifanyiwa utafiti katika udongo huu. Lakini mkulima wa kweli wa Kitale atakwambia kwamba mahindi ni biashara ya roho ngumu. Msimu ni mmoja kwa mwaka. Unalima mara mbili kwa trekta kabla ya kupanda, unanunua mbegu na mbolea, unalipa vibarua wa palizi, unanunua mbolea ya kukuzia, halafu unakaa hadi Oktoba au Novemba ndipo uvune. Mwaka 2017 viwavijeshi vilipoingia, watu walinyunyiza dawa usiku na mchana, na wengine bado walivuna mabua. Mbolea ya ruzuku iliposhuka hadi shilingi 2,500 mfuko mwaka 2023 tulishukuru. Miezi michache baadaye, mapema 2024, wakulima waligundua kwamba baadhi ya mifuko waliyouziwa kama mbolea haikuwa na mbolea. Bei nayo ina mambo yake. Serikali inaweza kutangaza shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, lakini mwenye karo ya kulipa Januari hangojei foleni ya halmashauri ya nafaka. Anamwita dalali, na dalali anajua shida yake.

Mkulima wa miaka 35 akipigwa msimu mmoja, ana misimu mingine ya kujirudisha. Mtu wa miaka 61 ambaye mkupuo wake umelala shambani hana mkupuo wa pili. Tunawezaje kumwita huyu mwenye akili, halafu mwenzake aliyeweka pesa zake akiba na kujiunga na kwaya tumwite mvivu?

Wenye imani hii hujibu kwa hoja ya kifo. Watakutajia mzee aliyestaafu Juni akazikwa Desemba. Hawakwambii kama alikuwa na shinikizo la damu tangu akiwa kazini, wala deni alilokuwa nalo, wala ni mara ngapi alikwenda Nairobi kufuatilia faili ya pensheni iliyokwama. Sababu wanayo tayari: alikaa bure.

Nimewatazama wastaafu kwa miaka mingi, na kinachowavunja wengi ni ukimya. Mwalimu ameishi miaka 35 kwa kengele. Ana chumba cha walimu, chai ya saa nne, ubishi wa gazeti, vijana 40 wanaosimama akiingia. Jumatatu moja anaamka na hakuna anayemngoja popote. Shamba la mahindi halina mtu wa kubishana naye, ila drafti inaye. Nenda ukawatazame wale wazee wanaocheza chini ya mti karibu na soko. Ubao wamejichorea wenyewe, kete ni vizibo vya soda, vya mmoja vimelala kifudifudi na vya mwingine vimetazama juu. Mmoja alikuwa mkaguzi wa shule, mwingine alifanya kazi kiwanda cha karatasi cha Webuye hadi kilipofungwa mwaka 2009. Wanajua nani hakuja leo, na kabla ya jioni mmoja wao atapita kwake kumjulia hali. Wapita njia wanawaita wazee wasio na kazi. Mimi naona watu wanaotunzana.

Sasa hili neno la uzungu. Linaniudhi kuliko yote, kwa sababu historia yake iko hapa hapa na tumeisahau. Mlowezi alipochukua ardhi ya Trans Nzoia, starehe aliifanya yake peke yake. Alikuwa na klabu, uwanja wa gofu, na wikendi ya kuvua samaki. Mwafrika aliyeishi kwenye shamba hilo alitakiwa na sheria ya 1918 amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka, na akiketi, jina lake lilikuwa mvivu. Makumbusho ya Kitale yenyewe yalitokana na uraibu wa mlowezi mmoja, Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya vipepeo, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko wake, na makumbusho mapya yakafunguliwa 1974. Ni hazina, nami hupeleka wageni huko. Lakini muda wa kufukuza vipepeo ulipatikana kwa sababu kulikuwa na watu wengine wakipalilia.

Kwa hiyo anayesema mzee akipumzika anaiga mzungu, amegeuza mambo. Kilichotoka kwa mlowezi ni ile imani kwamba Mwafrika asiyeshika jembe ni mvivu. Wazee wa Kibukusu walikuwa na saa zao. Walizunguka chungu cha busaa, kila mtu na lusekhe, mrija wake, litungu, kinubi chao, likilia, na mambo ya ukoo yakapangwa hapo. Mtu alifunga safari kwenda kwa wakwe akakaa siku tatu, na hakuna aliyemuuliza shamba umemwachia nani. Hadi leo, Agosti ya mwaka wa tohara, mvulana huzunguka na njuga kualika jamaa na kufika kwa mjomba wake, na wazee husafiri kumwona akitahiriwa. Kutembeleana kulikuwa sehemu ya utu uzima.

Wanaoumia zaidi ni wanawake, na hapo sitaki kupita haraka. Muuguzi anastaafu hospitalini baada ya miaka 33 ya zamu za usiku. Kabla mwezi haujaisha, wajukuu watatu wameletwa na magodoro yao. Mama yao yuko Nairobi, au amekwenda Saudia kutafuta. Kukhu, bibi yao, anawapenda, hilo halina mjadala. Lakini nani alimuuliza? Saa kumi na moja alfajiri yuko jikoni akikoroga uji, saa kumi na mbili anatafuta soksi iliyopotea, jioni anasimamia kazi ya shule ya mtaala asioujua. Jumamosi kuna mazishi, naye ndiye mweka hazina wa kamati. Siku akisema anataka kwenda Kakamega siku mbili kwa rafiki waliyesomea naye uuguzi, simu zinaanza kupigwa: na watoto je? Ni kana kwamba ameomba talaka. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 34 na afya tele, hafikirii hata kidogo kwamba angeweza kuja nyumbani wikendi hiyo akawapikia wanawe mwenyewe.

Safari ninazozitetea si za ndege. Kuna walimu wa historia waliofundisha juu ya wale sita wa Kapenguria miaka 30: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na Oneko. Waliwakaririsha wanafunzi hukumu ya Aprili 1953, na hawajawahi kuingia katika vile vyumba vya gereza, ambavyo leo ni makumbusho, safari fupi ya matatu kutoka Kitale. Kwenye barabara hiyo hiyo unashuka na kuchukua bodaboda hadi Saiwa, mbuga ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilomita tatu hivi za mraba, iliyotengwa 1974 kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi. Humo hutembei kwa gari. Unakwenda kwa miguu, unapanda jukwaa la mbao na kungoja, na mtu wa miaka 65 huweza kungoja kuliko kijana yeyote. Aliye Webuye ana maporomoko ya Nabuyole, na juu yake kilima cha Chetambe walikopigana Wabukusu mwaka 1895. Wengi wamezaliwa chini ya kilima hicho na kuzeekea hapo bila kukipanda.

Nitaambiwa wengi hawana pensheni, na ni kweli. Mama mzee aliyelima maisha yake yote Chwele anapata shilingi 2,000 za Inua Jamii kila mwezi akishafika 70, zikifika kwa wakati. Kumwambia apumzike bila kumwongezea kitu ni kumdhihaki, na hiyo ni kazi ya serikali. Lakini hata huyo ana jioni yake, ana wenzake wa kanisani, ana dada aliyeolewa Kimilili ambaye hajamwona tangu msiba wa mwisho. Saa zake nazo zinachukuliwa bila kuombwa.

Wala sisemi anayependa kulima aache. Kuna mzee akiamka bila kugusa udongo anaumwa. Huyo alime kunde, saga na mrenda wake, afuge kuku, auze akitaka. Ninachokataa ni kumsukuma mtu ambaye miaka 30 alishika chaki au bomba la sindano aingie kwenye biashara ngumu ya nafaka eti kwa sababu ana nywele nyeupe.

Na kama mahindi yana faida kama mnavyohubiri, mashamba yapo na vijana wenye nguvu wapo. Kijana na akodi ekari za mzee, amlipe kila Machi kabla trekta haijaingia shambani, na hasara ikija iwe yake. Hiyo kodi mzee aitumie apendavyo, hata kama ni nauli ya Kapenguria.