Hadithi Mbili Zisizonitoka

Vitabu nimevisoma vingi, na vilivyo vingi vimenitoka kichwani kama maji katika pakacha. Lakini ziko hadithi fupi mbili zisizokubali kuniacha, moja ya karani na moja ya mkulima.

Ya karani iliandikwa na Mfaransa, Guy de Maupassant, mwaka 1884. Mke wa karani aliazima mkufu wa almasi wa kuendea karamuni, ukapotea. Mume akakopa huku na huku, wakanunua mwingine kwa faranga 36,000, wakateseka na deni miaka 10. Kumbe ule wa kwanza ulikuwa wa bandia, usiozidi faranga 500! Watu husifu sana mwisho huo. Mimi kilichonichoma ni jambo dogo la mwanzoni: yule mume alikuwa amejiwekea faranga 400 za kununulia bunduki ya kuwindia, naye akampa mkewe zote ashone nguo. Nami katika ukarani wangu nilipata kukopa fedha za suti ya kuendea arusi. Suti ililiwa na nondo kabla deni halijakwisha. Basi msinilaumu nikimhurumia.

Ya mkulima ni ya Mrusi, Leo Tolstoy, ya mwaka 1886. Pahom aliambiwa na Wabashkiri kwamba kwa rubli 1,000 atapata ardhi yote atakayoizunguka kwa miguu tangu macheo hata machweo, ila asiporudi alipoanzia kabla jua halijatua, fedha zake zimekwenda. Akazunguka mno, akarudi mbio, akaanguka akafa, akazikwa katika kaburi la kimo chake.

Hapo nina ugomvi kidogo na mwandishi. Tolstoy alizaliwa kabaila, katika ukoo wenye mashamba makubwa, na mwenye shibe haoni taabu kumwonya mwenye njaa. Tena Pahom hakuanza kwa tamaa; alichoshwa na faini alizotozwa kila mifugo yake ilipoingia katika shamba la jirani.

Jioni moja nilimsomea marehemu baba hadithi hiyo, nikiifasiri kwa Kiswahili, naye akipukuchua mahindi. Alinyamaza mpaka nilipofika pale Pahom, miguu imekwisha kuchoka, alipoona bonde lenye unyevu, zuri kwa kilimo cha kitani, asiweze kuliacha nje ya mpaka wake. Mzee akaweka gunzi chini.

"Udongo wake mweusi?"

Nikamjibu, "Mweusi, baba."

"Basi hata mimi, mwanangu, ningalilizunguka bonde hilo."