Mkristo wa Bura Naye ni Mwenyeji

Wapo watu, na baadhi yao ni watu wa elimu, wasemao kwamba Mkristo aliyeko Bura, au Garissa mjini, au Wajir, ni mgeni. Na mgeni haki yake ni kustahiwa, kupewa maji na kivuli, kisha kungojewa aende zake. Hoja hii nimeisikia mara nyingi katika barza zetu za pwani. Husemwa kwa upole, na mwenye kuisema hujiona amefanya ihsani. Mimi naipinga, na naipinga nikiwa Mwislamu, mtoto wa chuo niliyekalishwa mkekani na juzuu ya Amma kabla sijazijua herufi za Kizungu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kwetu ipo tabia ya kumdhania mtetezi wa Wakristo kuwa amenunuliwa.

Kwanza tuelewane ni Bura ipi. Siisemi ile ya Taita, yenye misheni ya Kikatoliki tangu 1892. Naisema Bura ya Mto Tana, ambayo nayo ni mbili: ile ya magharibi, katika Kaunti ya Tana River, penye mashamba ya kunyunyiza maji, na ile ya ng'ambo, upande wa Fafi, katika Kaunti ya Garissa. Kote kuwili Waislamu ndio wengi. Wasomali ni Waislamu, Waorma ni Waislamu, na Wapokomo wa juu ya mto ni Waislamu pia, ingawa ndugu zao wa chini, upande wa Ngao, waliupokea Ukristo kwa wamisionari wa Kijerumani waliofika miaka ya 1880. Damu moja, mto mmoja. Huku adhana, kule kengele, na sijapata kusikia kwamba Mpokomo wa Ngao ameacha kumwita wa juu nduguye.

Sasa huyu Mkristo wa Bura alitoka wapi? Hakupotea njia. Aliitwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Serikali, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine, iliazimu kuligeuza bonde lile kuwa shamba kubwa la pamba. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1980 watu wasiokuwa na ardhi waliletwa kutoka pembe mbalimbali za nchi: Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, Wajaluo, pamoja na Wapokomo na Waorma wenyewe. Jamaa zaidi ya 2,000 walipewa nyumba na vipande vya shamba, na kila mmoja alikuja na jembe lake na dini yake. Kabla ya muongo kumalizika mambo yalikuwa yameharibika. Mto ulihama, pampu zikashindwa, pamba ikanyauka. Wenye mahali pa kurudi wakarudi. Wasiokuwa napo walibaki na malaria yao, na mitaro mikavu, na mti wa mathenge, ambao nao uliletwa na mradi ule ule ili upatikane ukuni, ukaishia kuivamia nchi nzima. Ajabu ni kwamba sijamsikia mtu akiuita mathenge mgeni.

Kilimo kilifufuliwa baadaye, katika miaka ya 2000, na wale waliovumilia wakaurudia mtaro. Mtoto aliyezaliwa Bura mwaka 1982 sasa amepita umri wa miaka 40. Hana kijiji kingine akijuacho. Babake huenda kazikwa hapo hapo. Ukimwita mgeni, basi tuambie mwenyeji huhesabiwa kwa miaka mingapi. Na ujihadhari unapojibu, kwani sisi watu wa mwambao tuna koo zetu zilizotoka Hadhramaut na kwingineko, na hatupendi kuulizwa swali hilo.

Mwenye kujua fiqhi kidogo atanijibu kwamba dini imeshalipanga jambo hili: wasio Waislamu katika nchi ya Waislamu ni watu wa dhima, wana hifadhi yao na mipaka yao. Naam, masheikh wa zamani waliandika hivyo, na kwa zama zao ile hifadhi haikuwa jambo dogo. Lakini dhima ilikuwa ni mapatano baina ya mtawala na raia zake. Sisi mapatano yetu ni mengine. Ni Katiba ya 2010, ambayo Ibara yake ya 8 yasema hapana dini ya taifa, na ya 32 yampa kila mtu uhuru wa kuamini, kuabudu na kuidhihirisha dini yake, peke yake au pamoja na wenziwe. Waislamu tuliipigia kura Katiba hii tarehe 4 Agosti 1910? La, si babu zetu. Ni sisi wenyewe, mwaka 2010, na wengi wetu tulisema Ndiyo. Na Sura ya Maida hufungua kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi. Haikusema ahadi za Waislamu kwa Waislamu tu.

Wala si hilo pekee. Katika Sura ya Hajj, pale Mwenyezi Mungu anapotoa sababu ya kuruhusiwa watu kujilinda na dhulma, zinatajwa nyumba za watawa, na makanisa, na mahekalu ya Mayahudi, kisha ndipo ikatajwa misikiti. Mpangilio ule niliusoma kwa moyo nikiwa mdogo bila ya kuujali. Siku hizi naujali.

Na hadithi za mwanzo wa dini yetu tunazijua. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka walivuka bahari wakenda Habasha, kwa mfalme Mkristo, wakawa wao ndio wachache na yeye ndiye mwenye nguvu, naye akakataa kuwatoa. Ujumbe wa Wakristo wa Najrani ulipofika Madina, wanahistoria wa sira wasimulia kwamba waliachwa wakasali sala yao ndani ya msikiti wa Mtume. Mambo haya huhadithiwa misikitini petu kila mara, na wasikilizaji hutikisa vichwa kwa furaha. Lakini mkristo wa leo anapoomba kiwanja, vichwa havitikisiki.

Turudi kwetu pwani. Mwaka 1844 alifika Unguja mmisionari Mjerumani, Ludwig Krapf, akitaka kwenda kuhubiri Injili. Sayyid Said, Sultani Mwislamu, alimpa barua ya kumtambulisha kwa watu wake wa mwambao ili wamtendee wema. Alipofika Mombasa, mwaka ule ule, mkewe Rosine na mtoto wao mchanga walifariki, wakazikwa upande wa bara, pale Nyali, na kaburi lingalipo. Na Krapf alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia ni kadhi wa Mombasa. Kadhi yule hakuritadi kwa kumsaidia, na mji haukuporomoka.

Ndiyo maana Mkristo wa Bura anaposali leo kwa Kiswahili, asali kwa maneno yaliyopitia midomoni mwetu. Kanisa ni neno la Kiarabu. Msalaba asili yake ni Kiarabu. Injili, malaika, shetani, imani, dhambi, sala: yote haya aliyakuta kwetu akayachukua, na sisi hatukumdai kodi. Ikiwa tulimpa maneno ya kumwombea Mungu, ni ajabu kumnyima pa kusimama anapoyatamka.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba nawasema Wasomali wa Garissa kwa roho ngumu tu. Wana kisa chao, na asiyekijua asihukumu. Tangu vita vya shifta miaka ya 1960 mkoa ule ulitawaliwa kwa sheria za hali ya hatari kwa muda mrefu. Garissa iliteketezwa Novemba 1980. Wagalla, huko Wajir, ilikuwa Februari 1984. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walipangwa mistari wakaguliwe uraia wao, wakapewa kadi za rangi nyingine. Na mkuu wa wilaya, na askari, na hakimu, aghalabu walikuwa watu wa bara na Wakristo. Mtu aliyemwona afisa akimpiga babake Jumamosi, kisha Jumapili akamwona anaingia kanisani, si ajabu akadhani kwamba lile kanisa ni ofisi nyingine ya Serikali. Jeraha hilo ni la kweli. Lakini mkulima wa pamba hakuwa afisa, wala muuguzi, wala mwalimu wa hesabu. Wao pia walikuwa wanatupwa huko na serikali hiyo hiyo, na aghalabu bila ya kuulizwa.

Ni hao ndio waliolipa. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa watu wakiwa katika ibada, wakafa zaidi ya 15. Novemba 2014, karibu na Mandera, abiria 28 walitolewa katika basi wakauawa. Tarehe 2 Aprili 2015 kikaja Chuo Kikuu cha Garissa: watu 148, wengi wao wanafunzi, na wauaji wakiwapambanua vijana kwa dini zao. Sina haja ya kueleza zaidi. Wenye watoto wanaelewa.

Lakini kuna yaliyofanywa na Waislamu ambayo hayasemwi vya kutosha. Baada ya makanisa kushambuliwa mwaka 2012, viongozi wa Kiislamu walitangaza kwamba vijana wao watasaidia kuyalinda. Na tarehe 21 Disemba 2015, basi lingine lilipozuiwa njia ya Mandera na wenye silaha wakaamuru Waislamu wajitenge, Waislamu walikataa. Wanawake waliwavua mitandio yao wakawafunika wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Nikiulizwa fatwa ya jambo hili ni ipi, namtaja yeye kwanza kabla ya kitabu.

Waama si kila neno lihusulo haki ni la damu. Yapo madogo, na hayo madogo ndiyo yanayomchosha mtu. Mwezi wa Ramadhani mkahawa mmoja ukiwa wazi mchana kwa wasiofunga, ufungwe kwa nguvu? Naona mwenye mkahawa akishusha pazia kwa staha yatosha. Saumu yangu haiharibiwi na chapati ya jirani. Vipaza sauti: kanisa likiombwa lipunguze, na msikiti upunguze darasa la usiku wa manane pia. Na lile zito ambalo watu hulinong'ona: Mwislamu akibadili dini. Mimi litanihuzunisha, na nikiwa ni babake nitalia. Lakini Sura ya Baqara imekataza kulazimishana katika dini, Katiba imempa hiari yake, na mkono utakaomgusa utakuwa umevunja vyote viwili. Kadhalika mhubiri asije na gunia la mahindi wakati wa ukame akalifanya ndiyo Injili yake; hiyo nayo ni kulazimisha, ila kwa tumbo.

Nawakumbusha Waislamu wenzangu kwamba sisi katika Kenya ni wachache. Hesabu ya watu ya 2019 ilitupata kiasi cha asilimia 11. Na wachache wenye akili hujua thamani ya haki. Oktoba 1963 tuliahidiwa kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa, na mwaka 2010 viongozi wengi wa makanisa walipoipinga Katiba kwa ajili ya makadhi hao, tulisema kwa sauti kwamba wengi wasiwanyime wachache kilicho chao. Tulisema hivyo tena juu ya hijabu ya wasichana katika shule moja ya Isiolo iliyo chini ya kanisa la Methodisti, kesi iliyofika hadi Mahakama ya Juu, ambayo Januari 2019 iliiondoa hukumu iliyokuwa imetupendelea. Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Basi pishi tuliyoidai Isiolo ndiyo hiyo hiyo tumpimie Mkristo wa Bura. Mwenye pishi mbili, Sura ya Mutaffifina yamtosha.

Na asiyejali haki, ajali faida. Januari 2020 walimu watatu wasio wenyeji waliuawa Kamuthe, huko huko Fafi. Tume ya Walimu ikawahamisha wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na madarasa yakabaki na ubao mtupu. Waliokosa masomo si Wakristo. Ni watoto wa Kisomali, Waislamu watupu, waliongoja mwalimu wa sayansi ambaye hakuja, kisha wakafanya mtihani ule ule na watoto wa Nairobi.

Lililo mbele yetu sasa ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa amana. Na neno amana halina haja ya kufasiriwa kwa Mwislamu. Itakapokuja kupimwa na kusajiliwa, majina ya nani yatatiwa daftarini, na ya nani yatasahauliwa kwa kuwa wenyewe hawana ukoo wa kuwasemea? Kanisa la mabati linaweza kujengwa popote, na likibomolewa likajengwa tena. Maziara hayahami. Wazee wa Bura, pande zote mbili za mto, watakapokaa na machifu kugawa viwanja, wazee wa kanisa nao waitwe wakae pamoja nao, na kiwanja chao cha kuzikia kipimwe na kuwekwa mawe ya mpaka mapema, wakati hapana maiti anayengoja.