Neno la Mhariri: Nguo za Manipur na Wenye Kuzifuma

Toleo hili tumeliweka wakfu kwa mavazi ya Manipur, jimbo lililo kaskazini-mashariki ya India, mpakani mwa Burma, ambako Wameitei wamekaa tangu zama za wafalme wao katika bonde la Imphal lililozungukwa na milima. Aghalabu waandishi husifu rangi na mapambo ya nguo za watu wa mbali, kisha wakafunga kitabu bila kuuliza ni nani aliyezifuma wala kwa ujira gani. Sisi twaona kwamba nguo hizi zimedumu kwa sababu kuzifuma, kuzivaa kila siku na kuziuza kulikuwa mikononi mwa wanawake.

Tuanze na phanek, shuka ambalo mwanamke hujifunga kiunoni, au juu ya kifua chini ya makwapa kama ilivyokuwa desturi ya wanawake walioolewa. Kitanda cha mfumi cha kale hakina fremu: mfumaji huketi chini, mti mmoja wa kitanda ukiwa umefungwa mbele yake na wa pili umeshikwa na mshipi uliozunguka mgongo wake, naye huukaza mtande kwa kujivuta nyuma na kuulegeza kwa kujisogeza mbele. Kitambaa kitokacho hapo ni chembamba, na kwa hiyo vipande viwili huunganishwa kwa urefu ili shuka lipate upana wake. Na katika phanek ya sherehe iitwayo mayek naibi, uwanja una milia, na pindo zimetariziwa kwa kazi isiyotaka haraka.

Juu ya phanek hutandwa innaphi, mtandio mwepesi wa mfano wa melimeli, na katika mitandio hiyo ile ya Wangkhei, mtaa wa mji wa Imphal, ina sifa ya pekee kwa wembamba wa nyuzi zake. Nguo ya Moirang, mji ulio kando ya ziwa la Loktak, hujulikana kwa safu ya ncha kali zifuatazo ukingo wake, ambazo wenyeji huzinasibisha na meno ya Pakhangba, mungu wao mwenye umbo la nyoka.

Atauliza msomaji: je, wafalme hawakuwa na sehemu? Walikuwa nayo, wala hatuikanushi. Mfalme Bhagyachandra, aliyeanzisha ngoma ya ibada ya Ras Lila mwaka 1779, ndiye anayetajwa kuwa asili ya potloi, sketi ngumu ya duara iliyojaa vioo na nakshi, ambayo leo huvaliwa na wachezaji wa ngoma hiyo na mabibi harusi. Vilevile wafalme waliwatunukia mashujaa shaphee lanphee, shuka lililotariziwa sura za wanyama, jua na nyota. Lakini tunu ilikuwa ya mfalme, na sindano ilikuwa ya mwanamke. Na Waingereza walipoishinda Manipur mwaka 1891 na kuuweka ufalme chini ya mamlaka yao, phanek haikungoja idhini ya mtu kuendelea kuvaliwa na kuuzwa Ima Keithel, soko la Imphal ambalo wachuuzi wake ni wanawake watupu.

Mavazi ya wanaume yatupa ushahidi wa upande wa pili. Shuka jeupe liitwalo pheijom, kanzu fupi na kilemba cheupe cha kokyet huonekana kwa taadhima arusini, mazikoni na hekaluni, na sherehe ikiisha mwanamume hurejea katika suruali yake bila kulaumiwa na mtu. Mwanamke hakupewa nafasi hiyo kwa wepesi: makundi yenye silaha yamepata kuwaamuru wasichana wa shule wavae phanek, kana kwamba mila ya taifa zima ni deni la jinsia moja. Vazi lililopendwa kwa hiari kwa karne nyingi halihitaji kulindwa kwa vitisho.

Hatari iliyo dhahiri imo sokoni. Nguo za mashine zinazoiga nakshi za Manipur huuzwa kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hawezi kuifikia. Mwaka 2014 Wangkhei phee, Moirang phee na shaphee lanphee ziliandikishwa nchini India kuwa bidhaa zenye asili yake Manipur, nalo ni jambo jema. Ila daftari hulinda jina, halimlipi mfumaji ujira wake.

Basi makala zilizomo humu zisomwe kwa nia hiyo. Anayetaka mavazi haya yadumu na aanze kwa kumlipa mfumaji thamani ya kazi yake, kisha amwachie mvaaji uamuzi wa kuvaa.